Mikorosho ya Bi Somoe na Kabati Langu

Vijana wangu, mmeniomba niandike kuhusu miaka yangu ya ukutubi, na ninajua mnachokitaka. Mnataka nisimulie tulivyohangaika na kadi za katalogi, mcheke kidogo, kisha mrudi kwenye kompyuta zenu mkishukuru kuzaliwa mlipozaliwa. Kadi nitazisimulia siku nyingine, msiwe na shaka. Lakini mimi sikustaafu kwa furaha mliyoiona kwenye picha za sherehe ile, nimevishwa khanga tatu na shada shingoni. Nilistaafu na kitabu kimoja kikiwa kimenikwama kooni. Na kwa kuwa nyinyi ndio mnaoshika funguo sasa, hata kama funguo zenyewe ni nywila, ni heri mkisikie kisa chake kutoka kwangu.

Kitabu hicho nilikitunza vizuri mno. Kosa langu lilianzia hapo.

Maktaba yetu ilikuwa Masasi, chumba kimoja kirefu kwenye kituo kidogo cha chuo kikuu, dirisha la nyuma likitazama majabali. Waliokitumia zaidi ni walimu na makarani waliokuwa wakisoma kwa njia ya posta. Ilikuwa ile miaka ambayo soko huria ndiyo kwanza linaingia. Mitumba ilijaa gulioni, na malori ya wanunuzi binafsi yakapanda mpaka Newala na Tandahimba kufuata korosho ambazo zamani zilikuwa za ushirika peke yake. Kila mahali watu waliambiwa milango imefunguliwa. Mimi nilikuwa na kabati la tasnifu, zile kazi nene za utafiti wanazoandika wanaosomea shahada za juu, na kabati hilo lilikuwa na kufuli, na ufunguo wake niliuvaa shingoni pamoja na msalaba wangu wa kipaimara. Nilijiona mtu.

Kazi nilifundishwa na Bwana Mhina, Msambaa mfupi mwenye sauti ya upole na macho ya polisi. Mengi aliyonifundisha yanafaa hata leo. Nusa kitabu kabla ya kukifungua, maana ukungu unausikia puani kabla hujauona. Rafu isiguse ukuta, usije ukawarahisishia mchwa safari. Kitabu ukitoe rafuni kwa kukishika kiunoni, usikivute utosini kwa kidole kama unayemwita mbuzi. Na msomaji akikwambia hajui jina la kitabu ila kilikuwa cha kijani na kina doa la chai, usimcheke, nenda naye kwenye vya kijani. Nusu ya vitabu vyangu nilivijua kwa madoa yao.

Lakini alinifundisha na jambo jingine, siku aliponikabidhi ufunguo. Alisema, "Mama Upendo, kitabu kikishapita mlango ule, kihesabu kimekufa." Alikuwa ameibiwa sana huko alikotoka, kurasa zikikatwa kwa wembe, na uchungu huo akanirithisha mzima mzima. Mimi binti wa mwinjilisti wa misheni, niliyezoea kuambiwa kitu kimoja nikakishika mpaka kikauke mkononi, nikalishika neno lile.

Sasa gundi. Gundi ya dukani iliisha, na kuagiza kutoka Dar es Salaam wakati wa masika, njia ya Rufiji ikiwa imekatika, ilikuwa ni kuomba mvua kiangazi. Nikajiongeza. Nyumbani kwa mama mkwe wangu Newala muhogo haukosekani, nikachukua unga wa makopa, yaani muhogo mkavu, nikaupika uji mzito, nikatia chumvi kidogo, nikaanza kubandikia migongo ya vitabu. Ilishika ajabu! Nilijisifu mpaka kwa mkuu wa kituo. Kila kitabu kilichoachia nilikibandika, na kwa zile tasnifu zenye ramani za kukunja nilitengeneza mifuko ya karatasi nyuma, nikaibandika kwa uji ule ule. Sikujiuliza kwa nini nyumbani tunaufungia unga wa muhogo kwenye debe. Mkutubi mzaliwa wa nchi ya muhogo, nimewapikia mende chakula na kukiweka kabatini, kisha nikafunga kwa ufunguo wasisumbuliwe. Chekeni tu, na mimi nilicheka nilipokuwa bado sijajua walikula nini.

Miongoni mwa tasnifu zile ilikuwamo ya Bwana Rwegasira, kijana wa Kihaya aliyekuja kutafiti ubwiriunga, ule ugonjwa unaoyafunika maua ya mkorosho kwa vumbi jeupe mpaka yanakauka bila kuzaa. Watu walikuwa wanapuliza salfa, na salfa si kila mtu aliimudu. Yeye alitafuta miti ambayo ugonjwa unaipitia pembeni, ili vikonyo vyake vikabebeshwe, yaani vikaunganishwe, kwenye miti mingine. Aliikuta Mkunya, kule Newala, kwenye shamba la bibi mmoja aliyeitwa Bi Somoe. Alikaa misimu miwili akitembea naye shambani. Alipomaliza digrii yake alileta nakala Masasi mwenyewe, akiwa njiani kwenda kusoma zaidi nje ya nchi. Aliiweka mezani kwangu akasema, "Hii nawaachia." Nikamshukuru, nikaigonga muhuri, nikaitia kabatini. Sikumuuliza anatuachia akina nani.

Mwalimu Namkoko alikuja miaka michache baadaye, siku ya Ijumaa asubuhi. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, viatu vimejaa vumbi la safari. Alikuwa amepanda lori kutoka Newala.

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema, maana mwalimu hajifichi.

"Marahaba, Mama. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibu. Saini kwanza daftari la wageni."

Akachomoa kalamu mfukoni mwa shati, akasaini kwa mwandiko wa ubaoni. Kisha akaniwekea mezani kifuko cha korosho za kukaanga, akaeleza shida yake taratibu, kama anayefundisha.

Bi Somoe alikuwa mama yake. Yeye alikuwa akifundisha Lukuledi miaka yote ile, shamba halijui. Mama yake amefariki, naye amehamia nyumbani Mkunya kulishika shamba. Bwana shamba ametangaza kwamba mikorosho imesongamana, hewa haipiti, na ugonjwa unapenda kivuli, kwa hiyo lazima ipunguzwe. Msumeno wa moto, ule wa injini, ulikuwa mmoja kwa vijiji vyote, na zamu ya Mkunya ilikuwa Alhamisi inayofuata. Miti ya mama yake ile isiyougua aliyoichagua mtafiti ilikuwa imeandikwa namba kwa rangi, na rangi ilikuwa imekwisha kuoshwa na mvua. Msimu uliopita shamba zima lilipulizwa salfa, hivyo hata kwa kuangalia huwezi kutofautisha, na maua yalikuwa bado.

"Mama alimwonyesha yule kijana mti mmoja mmoja," alisema. "Na aliniambia, mwanangu, mambo yote ya shamba yameandikwa, kitabu kitakaa Masasi, mkikihitaji nendeni. Sasa nimekuja. Sitaki kukichukua. Nnaomba ile ramani tu, niinakili kwa penseli hapa hapa mbele yako."

Nilijua ramani anayoisema. Nilikuwa nimeubandika mfuko wake kwa mikono yangu. Ilikuwa hatua nne kutoka pale alipokaa.

Kanuni ilisema asiye mwanachuo hasomi tasnifu bila kibali cha maandishi cha mwandishi. Nikamsomea. Nilimsomea kanuni mtu aliyetoka Mkunya kwa lori, tena kwa sauti ya kiofisi, ile tuliyokuwa tunaitumia kwa wanafunzi watukutu.

"Mwandishi mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

"Yuko nje ya nchi. Tutamwandikia."

"Msumeno unakuja Alhamisi, Mama Upendo." Jina la mwanangu alikuwa amelisikia kwa mlinzi. "Mkuu wako hayupo tumuulize?"

"Yuko Dar es Salaam, mkutanoni."

"Basi nisomee wewe. Nisomee tu kila namba iko mahali gani, mimi nitasikiliza."

Vijana, hapo ndipo ninaporudi kila mara. Nisomee wewe. Kanuni haikusema mkutubi asisome kwa sauti. Hakuna aliyenikataza, msitafute wa kumlaumu. Mkuu wa kituo angekuwepo, nina hakika angesema, "Mpe mzee wa watu." Lakini niliisikia sauti ya Bwana Mhina, nikaona kurasa zimekatwa kwa wembe, na nikajisikia raha, nisiwafiche, raha ya mtu mdogo aliyepata kitu cha kukatalia. Nikasema haiwezekani. Nikampa karatasi aandike ombi. Akaandika, nusu ukurasa, bila kosa hata moja. Akasimama, akaniaga kwa adabu zote, akaenda kutafuta lori la kurudi. Korosho aliziacha. Nilizila mchana ule na chai.

Ombi nililituma Jumatatu. Kwa kazi ya ofisi nilikuwa hodari.

Habari za Mkunya nilizipata kwa mama mkwe, bila kuziuliza. Alisema huko wamekata miti mpaka jua linapiga ardhini, na kwa Bi Somoe ndiko walikokata zaidi kwa sababu ndiko kulikosongamana zaidi. Mwanawe alisimama na wenye msumeno kutwa nzima, akiambiwa achague na yeye hajui. Mwishowe akasema kateni mnavyoona. Kuni za mikorosho ile ziliuzwa barabarani Newala msimu mzima, nami nilipita nikaziona zimepangwa, nikageuza uso.

Msimu uliofuata salfa ilichelewa kufika na ubwiriunga ukalivamia shamba. Maua yote yaligeuka meupe.

Halafu jibu la Bwana Rwegasira likaja. Lilikuwa limezunguka nchi mbili. Aliandika kwa Kiswahili, mistari michache. Alisema hakuelewa kwa nini anaombwa kibali. Nakala ile aliileta Masasi kwa ajili ya watu wa Mkunya, maana Bi Somoe alimuuliza wakiihitaji wataipata wapi, naye akamjibu Masasi. Wapeni, alisema, na ramani wainakili watakavyo.

Mpaka hapo mngeweza kunitetea. Mngesema Mama Upendo alifuata taratibu, barua ilichelewa, ni bahati mbaya. Sasa sikilizeni nilichofanya. Ile barua sikuipeleka Mkunya. Sikumtumia Mwalimu hata nakala. Niliitoboa matundu mawili, nikaitia kwenye jalada la MAOMBI YALIYOJIBIWA, nikalirudisha jalada mahali pake. Niliona aibu. Nilijiambia miti imekwisha kukatwa, barua itamsaidia nini. Kumkatalia lilikuwa kosa la ukutubi. Kuificha barua ilikuwa dhambi yangu mimi, na nilikula komunyo Jumapili baada ya Jumapili nikiwa nayo.

Miaka ikapita, kadi zikaenda stoo, kompyuta zikaja. Mara ya kwanza niliishika ile puku, kipanya cha kompyuta, kama ninayemshika panya wa kweli, na mkufunzi, binti mdogo kuliko Upendo wangu, akanivumilia. Tukaitwa semina. Tukafundishwa uchapishaji huria, kwamba kazi iliyofanywa kwa jasho la umma isifungiwe, chuo kiiweke mtandaoni, asome mwenye digrii na asiye nayo, bila kibali na bila kulipia. Wenzangu waliuliza maswali ya haki za mwandishi na wizi wa kitaaluma. Mimi nilikuwa nikimwona mtu wa shati jeupe anasema nisomee wewe.

Tuliporudi tuliambiwa tuchague tasnifu za kuanza kuzipiga skana. Nikavua ufunguo shingoni, nikaenda moja kwa moja kwenye ile ya Bwana Rwegasira. Kwa nje ilikuwa nzuri kama siku niliyoigonga muhuri. Nikaifungua nyuma. Mfuko wa ramani ulikuwa umeliwa wote, na ramani ndani yake imeliwa kufuata mikunjo. Kilichobaki ni pembe moja yenye mshale wa kaskazini na kipande cha barabara. Uji wangu wa muhogo. Nikatafuta nakala nyingine chuo kikuu. Ile ya kule ramani ilikuwa imekatwa kwa wembe, Bwana Mhina angefurahi kujua hakukosea. Mwandishi mwenyewe nilimtafuta, nikaambiwa amefariki ugenini.

Yule binti wa kompyuta alishauri ukurasa ule tuuruke, unatia aibu. Nilimkatalia. Nikaipiga skana pembe ile na utupu wake, nikaandika chini kwa Kiswahili kwamba ramani imeharibika kwa uzembe wa maktaba. Ipo mtandaoni mpaka leo.

Kwa hiyo nikiwaona mnaweka tasnifu mtandaoni halafu mnadai msomaji ajisajili, ataje chuo chake, asubiri kuidhinishwa, mwili unanisisimka. Hilo ni kabati langu lile lile, mmelipaka rangi tu. Na mkishaondoa kufuli msifikiri kazi imeisha. Andikeni muhtasari kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, kwa lugha ya mtu anayelima. Mpigieni simu mtendaji wa kijiji ambako utafiti ulifanyika, mumwambie kitu chao kimetoka na kinapatikanaje. Kama mtandao haufiki, chapeni mpeleke. Na mtu akiwaambia nisomee, someni.

Nilipostaafu nilichapa tasnifu nzima, nikaifunga kwa gundi ya dukani, nikaitoa ile barua kwenye jalada, nikaenda Mkunya.

Mwalimu Namkoko nilimkuta barazani akianua makopa. Amezeeka, miwani imefungwa kwa uzi, shati bado jeupe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mama Upendo. Wa maktaba ya Masasi."

Akaacha makopa. "Wa ufunguo."

"Wa ufunguo, Mwalimu."

Akanipa kiti. Nikampa barua kwanza, kwa mikono miwili. Akaisoma, akairudia.

"Hii ya mwaka gani?"

"Ya msimu uliofuata. Ilifika mmeshakata."

"Ukakaa nayo."

"Nilikaa nayo. Nimekuja kukuomba radhi."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza tena. Akakichukua kitabu, akakifungua kwenye ukurasa wa shukrani, akapitisha kidole mpaka akalipata jina la mama yake. Ulikuwa kwa Kiingereza; akausoma polepole, kisha akajifasiria kwa sauti. Kwamba mtafiti anamshukuru Bi Somoe, aliyemtembeza shambani mti kwa mti na kumweleza tabia ya kila mmoja.

"Alikuwa anaipa majina," akasema. "Kila mti una jina lake. Huyu hakuyaandika?"

"Ndani zimo namba tu. Majina yalikuwa kwenye ramani."

Akaifikia ramani. Akautazama utupu ule mweusi na ile pembe yenye mshale.

"Hapa pamekuwaje?"

"Mende, Mwalimu. Nilibandika kwa uji wa muhogo."

"Muhogo wa wapi?"

"Wa hapa hapa Newala."

Alicheka. Kicheko kifupi, kikamwisha, akavua miwani akaifuta. Kisha akanipeleka shambani. Visiki vilikuwa vimeoza karibu vyote, kati yake mikorosho mipya ya mbegu za kisasa. Ukingoni ulibaki mti mmoja wa zamani, mkubwa, maua yake safi. Akaupigapiga kofi shinani.

"Huu tuliuacha kwa kubahatisha. Hauugui. Ulikuwa na jina huu, mama aliuita kwa jina." Akasubiri kidogo, kama huenda nikalijua.

Tuliporudi barazani nikaanza kuaga. Akakifunga kitabu, akakipangusa vumbi la makopa, akaninyooshea.

"Hapana, Mwalimu, hicho ni chako," nikasema. "Nimekuletea."

"Nibaki nacho?"

"Ubaki nacho."

Akakitazama. Kisha akachomoa kalamu mfukoni mwa shati, akaifungua kifuniko, akasubiri nimwonyeshe pa kusaini.